Kwa papa wa kiti cha pembeni, safari ya Luano

Papa, jina lako sikuuliza, ndiyo maana nakushukuru hapa mbele ya watu. Mimi ni yule mama wa kitenge cha kijani aliyekukamata mkono Jumanne, tulipopanda ndege Luano, uwanja wa Lubumbashi, kwenda Kinshasa.

Magurudumu yalikuwa ndiyo kwanza yameacha ardhi, tukasikia "pwaa!" upande wa kulia, kisha harufu kama ya kuku anayebabuliwa manyoya. Watu wakaanza kuomba kwa sauti. Wewe ukasema polepole: "Mama, ni ndege amegonga ndege." (Kiswahili chetu nacho! Nilikaribia kucheka.) Ukaeleza kwamba harufu imeingia kwa sababu hewa tunayovuta hutoka kwenye injini, na kwamba ndege yetu yenye injini mbili inaweza kuruka na kutua kwa moja. Rubani akikaa kimya hajatusahau: kwanza anaishika ndege, halafu anafuata orodha ya dharura na mwenzake, anaongea na mnara wa kuongozea ndege, sisi baadaye. Kweli, sauti yake ikaja: tunarudi Luano.

Ukanitajia ile ya New York mwaka 2009, bata bukini wakaingia injini zote mbili, ikatua mtoni na watu wote 155 wakapona. Hapo uliniongezea hofu, papa, lakini nimekusamehe.

Tulipotua ulinionyesha doa la damu na unyoya mmoja mdomoni mwa injini. Ukanibebea mfuko hadi kivulini, ukapotea.

Aksanti sana. Leso yako ninayo, nimeifua.