Mashine haiondoi sumu zote zinazojeruhi mishipa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Habari za figo zinazoandikwa magazetini karibu zote husema jambo moja: figo ni chujio, likishindwa mashine ya kusafisha damu (dialisisi) inashika kazi na damu inatoka safi. Maneno hayo humpa mgonjwa utulivu usio na msingi. Wengi wenye ugonjwa sugu wa figo huuawa na maradhi ya moyo na mishipa, mara nyingi kabla hata hawajafika kwenye mashine, na sehemu ya lawama ni ya sumu ambazo mashine huziondoa kwa shida.

Chukua ile iitwayo indoksili salfeti. Chimbuko lake ni utumbo mpana. Bakteria wa huko humega triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini kilichomo katika mabaki ya chakula, na kutoa kemikali iitwayo indoli. Ini huipokea, huigeuza indoksili salfeti, kisha huiachia kwenye damu. Humo zaidi ya asilimia 90 yake hujishikiza kwenye albumini, protini kubwa ya damu. Figo zenye afya haziichuji tu: seli za mirija yake midogo huipokonya albumini mzigo huo na kuusukuma kwenye mkojo. Mashine haina seli hizo, ina utando wenye matundu. Yurea, taka ya kawaida ya protini, yenye uzito wa daltoni 60 (kipimo cha uzito wa molekuli), hupenya bila taabu; albumini ina daltoni zipatazo 66,000, haipiti, wala hatutaki ipite. Ndiyo maana kikao cha saa nne huweza kushusha yurea kwa asilimia 70 huku indoksili salfeti ikipungua kwa theluthi hivi. Na karatasi ya majibu haitakuonyesha hilo, kwa kuwa sumu hii haimo katika vipimo vya kawaida.

Ndani ya mshipa kuna safu moja tu ya seli bapa, basi. Seli hizo hutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza msuli wa mshipa, na huzuia damu isigande pasipostahili. Indoksili salfeti ikiingia humo huchochea kimeng'enya kinachozalisha radikali huru, yaani molekuli haribifu, nazo huiharibu gesi hiyo kabla haijafika kwenye msuli. Sumu nyingine, ADMA, inafanana sana na ajinini, malighafi ya gesi hiyo. Hukalia nafasi yake, na uzalishaji ukapungua. Seli zilizojeruhiwa huchelewa kugawanyika ili kuziba pengo, huota vishikizo vinavyonasa seli nyeupe, na huanza kutoa kichocheo cha kugandisha damu. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kuziba kwa ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa ajili ya mashine.

Chini ya safu hiyo zipo seli za msuli, na adui yao mkubwa ni fosfeti, madini ya fosforasi yatokayo kwenye chakula. Ikizidi, seli hizo huacha tabia ya msuli na kujifanya seli za mfupa, zikajaza ukuta chokaa. Katika eksirei ya mkono, ateri ambayo kwa kawaida haionekani hujitokeza kama mistari miwili myeupe iliyo sambamba. Mshipa mgumu hautanuki moyo unaposukuma, hivyo namba za presha huachana sana, mathalani 170 kwa 60. Anayefurahia ile 60 amejidanganya.

Yapo ya kufanya mapema. Pima mkojo, si damu peke yake: vichujio vya figo ni mafundo ya mishipa midogo, na albumini ya miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo), ikidumu miezi mitatu, inaonyesha mishipa hiyo inavuja. Kufunga choo kusichukuliwe kama kero ndogo, maana mabaki yakikaa muda mrefu bakteria hupata muda mrefu wa kutengeneza sumu. Vidonge vya kunasa fosfeti humezwa pamoja na chakula; ukivimeza tumbo tupu havina cha kunasa. Kwenye pakiti za vyakula vya viwandani tafuta E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Hizo ni fosfeti za kuongezwa, nazo huingia mwilini karibu zote, tofauti na iliyomo kwenye maharage na nafaka.

Kuhusu mkaa unaosifiwa kwamba unasafisha figo: Japani iliidhinisha mkaa maalumu wa kunywa mwaka 1991, lakini majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2015, yenye wagonjwa zaidi ya 2,000 kwa jumla, hayakuonyesha kwamba unapunguza kasi ya ugonjwa. Tena mkaa haubagui cha kunasa. Anayeunywa pamoja na vidonge vyake vya presha huenda amevimeza bure.

Wahudumu wa kitengo cha figo