Barua kwa mwanangu: mabepari hawakuchapwa fimbo moja

Mwanangu, habari za chuo, sisi huku Ujiji wazima, mama yako anauliza mawese yalifika au konda kayala.

Ile meseji yako eti lekchara kasema Azimio la Arusha, ile siasa ya ujamaa ya Mwalimu Nyerere, liliwafuta mabepari wote, nimeisoma nikacheka. Mabepari hawakuwa kundi moja na serikali ilikuwa inajua. Angalia, Azimio limetangazwa Februari 5, 1967, kesho yake tu mabenki yakachukuliwa, ndo ikaja NBC, benki ya biashara ya taifa, lakini wenye benki wa Uingereza walikaa mezani wakajadiliana fidia wakalipwa. Viwanda kama cha bia na BAT ya sigara, serikali ilichukua hisa nyingi tu, wenyewe wakabaki na zao, maana nani angeendesha mashine?

Njoo 1971 sasa, sheria ya majumba. Nyumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 inakwenda serikalini, kwa Msajili wa Majumba, na kama imepita miaka 10 tangu ijengwe basi fidia hakuna. Wengi walioguswa ni Wahindi, wengine ile nyumba ndo ilikuwa pensheni yao, wakafungasha wakaondoka.

Muuza duka ndo kabisaa. 1976 Operesheni Maduka, maduka ya watu vijijini yafungwe liwepo la ushirika, bidhaa zikaadimika mpaka serikali yenyewe ikarudi nyuma. 1983 tena, Sokoine waziri mkuu, msako wa wahujumu uchumi. Mi kijana enzi hizo, hapa kwetu mtu mwenye katoni mbili za sabuni zilizovuka ziwa halali usingizi, jirani mmoja alifukia vitenge shambani mvua ikavikuta hukohuko (nyie mnacheka, yeye alilia). Sabuni halali enzi hizo iko RTC, kampuni ya biashara ya serikali ya mkoa, na RTC bila kibali unarudi na kikapu kitupu, sa niambie, mtoa kibali tumwite nani? Mi naona mkubwa aliitiwa mazungumzo, mdogo akaitiwa mgambo.

Ila Mwalimu alimwogopa zaidi bepari aliyemo ndani ya chama, hapo nampa heshima yake, Azimio lilisema: kiongozi marufuku hisa, marufuku mishahara miwili, marufuku nyumba ya kupangisha. Masharti hayo chama kikayalegeza Zanzibar 1991, muulize lekchara kama somo lake linafika huko. Hela ya vitabu ntatuma Ijumaa.

Baba yako