Barua kwa mwanangu: ile panchi uliyoisugua msasa

Mwanangu,

Jana ulivyokata simu sikulala mapema. Nilibaki nawaza ile sauti yako, ulikuwa unaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari, alafu mwishoni kabisa ndo ukasema "mama mi naona hii kazi ya ufundi wa vifaa hainifai". Nikaona nikuandikie kwasababu kwenye simu ungenikatiza na mi ningekukatiza, na hili jambo nataka ulisome ukiwa umekaa, tena mara mbili.

Nianze na ulichofanya ili ujue nimekuelewa. Makali ya panchi, kile chuma kinachotoboa bati kwenye presi, yamekufa, presi imesimama, supavaiza amekusimamia kichwani anaangalia saa, we ukaikimbiza panchi kwenye grenda ukaikandamiza kwa nguvu zote mpaka ncha ikageuka bluu. Ukaiona ile bluu. Ukachukua msasa ukaisugua mpaka rangi ikatoka, ikang'aa kama imetoka dukani, ukairudisha kwenye dai, kile kifaa cha presi chenye tundu ambalo panchi inaingia, ukakaza bolti ukasema tayari. Vipande mia na kitu baadae kingo zikaanza kutoka na kile chuma kinachokwaruza vidole, mashine ikasimamishwa, wakauliza nani aliinoa, ukakaa kimya. Na mpaka unanipigia simu ulikuwa bado uko kimya.

Kuichoma panchi kwenye grenda mwanangu hakunisumbui hata kidogo, mi nimechoma nyingi, kila fundi wa vifaa unayemuona anatembea kwa kujiamini ameshachoma zake. Kilichoniuma ni ule msasa.

Sijui kama walikueleza vizuri ile rangi ni nini, wengi wanaambiwa tu "usiunguze" basi. Panchi ya chuma cha aina ile ilipotengenezwa ilipashwa moto mpaka ikawa nyekundu, ikachovywa kwenye oili ikawa ngumu sana lakini inapasuka kama glasi, ndo ikarudishwa tena kwenye moto mdogo, kama digrii 200 hivi, ili ipunguze kupasuka ila ugumu wake ubaki. Sasa we ukiikandamiza kwenye jiwe inapata moto wa tatu ambao hakuna aliyeupanga. Inaanza na njano ya majani makavu, hiyo ni kama digrii 220 au 230, inaenda kahawia, inaenda zambarau, ikifika bluu uko karibu na 300. Pale ugumu umeshaondoka. Rangi yenyewe ni ngozi nyembamba tu ya juu, msasa unaitoa kwa sekunde kumi, ila ulaini umeshaingia ndani na msasa hauufikii. Kwahiyo ulichofanya ni kuondoa kitu pekee kilichokuwa kinamwambia fundi mwingine kwamba hapa pana shida. Mtu angeiona ile bluu asingeifunga. Ulivyoitoa, ukamfanya operata wa presi aamini chuma ambacho we mwenyewe ulikuwa huna imani nacho.

(Kumbuka siyo chuma chote kiko hivo. Drili za haispidi, yaani chuma cha kukatia kwa kasi, zinahimili hadi karibu digrii 600 bila kulainika, ndo maana utaona fundi mzee ananoa drili haishtuki na rangi kidogo, usije ukamuiga ukadhani na panchi yako inavumilia. Tena haispidi ikiwa ya moto usiitumbukize kwenye maji, inapata nyufa ndogo ndogo usizoziona.)

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho hata baba yako hakijui.

Nilikuwa mwaka wa pili wa kujifunza kazi. Nikaangusha maikromita, kile kipimo cha mkono cha kupimia unene. Ilitoka mkononi ikapiga sakafuni, nikaiokota, nikaizungusha ikazunguka vizuri tu, nikaangalia kushoto na kulia, hakuna mtu, nikaifuta nikairudisha kwenye boksi lake. Hiyo maikromita ilikuwa imehama kama sehemu 3 za mia za milimita. Ni kitu kidogo kuliko unene wa unywele, na kwenye kazi ile tuliyokuwa tunafanya ilikuwa inatosha kabisa kuharibu. Shifti nzima ya usiku wakapimia ile, wakakereza shafti, wakasaini ziko sawa, asubuhi hata moja haiingii kwenye beringi yake. Wakaanza kumtafuta mchawi. Lawama ikamwangukia kijana mwenzangu aliyekuwa kwenye lethi, mashine ya kukereza, usiku ule, wakasema hajui kusoma kipimo, wakamtoa kwenye mashine wakampeleka stoo kuhesabu bolti. Mi nilikuwepo walivyokuwa wanamsema, nimesimama mita mbili kutoka kwake, nafuta mikono na kitambaa.

Siku tisa nilikaa na kile kitu tumboni. Siku ya kumi nikaenda kwa fundi mkuu nikasema. Alikasirika kweli, aliniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yule kijana akarudishwa kwenye lethi, ila mpaka naondoka pale hakuwahi kunisemesha tena zaidi ya salamu ya kazi, na sikuwahi kumlaumu kwa hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivo kila siku, kumbe kwenye kazi yetu anayeumbuka mara nyingi ni mtu mwingine.

Baada ya hasira zake kuisha, kama wiki hivi, fundi mkuu aliniita akanipa kipande cha chuma cha mraba cha milimita 25, kimeng'arishwa mpaka unajiona, akasema kila asubuhi kabla hujagusa kitu pima hiki, ukisoma 25 endelea, usiposoma 25 nifuate. Basi. Ndo hivo nimefanya mpaka leo. Vile vipande alivianzisha Msweden mmoja anaitwa Carl Edvard Johansson, wazo lilimjia 1896 akiwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha bunduki, na ili avilainishe nyumbani kwake aligeuza cherehani ya mkewe ikawa mashine ya kusagia. Napenda sana hiyo habari. Na kabla yake kuna fundi wa Uingereza, Henry Maudslay, mwanzoni mwa miaka ya 1800 alikuwa na maikromita kubwa ya mezani kwenye karakana yake, mafundi wakibishana kuhusu kipimo wanaipelekea hiyo, wakaiita Lord Chancellor, yaani cheo cha mkuu wa mahakama kwao. Ndo ujue kwamba toka zamani mafundi walitaka kuwe na kitu kimoja ndani ya karakana ambacho neno lake halipingwi. Sasa na hicho kikiwa kimeangushwa alafu kikarudishwa kwenye boksi kimya kimya, watu waamini nini tena?

Na hapo sijagusa joto. Vipimo vya urefu dunia nzima vinahesabiwa kwa digrii 20. Chuma cha milimita 100 kikipanda digrii 10 kinaongezeka kama milimita 0.012, kwahiyo kipande kilichotoka mashineni bado cha moto ukikipima pale pale unapima uongo. Kiache kipoe. Na maikromita usiikumbatie kwenye kiganja dakika tano unapiga stori, mkono wako nao ni moto.

Turudi kwa supavaiza na saa yake. Najua ile presha, presi ikisimama kila mtu anakuwa fundi, kila mtu ana ushauri. Ila haraka yenyewe inatengenezwa kabla. Kuna habari ya Toyota, mwaka 1969 walikuwa na presi ya tani 1,000 ambayo kubadilisha dai kulikuwa kunachukua saa 4, Shigeo Shingo na wenzake wakaishusha hadi dakika 90, baadae ikafika dakika 3. Ukisoma walivyofanya hakuna mahali mtu alikimbia, sehemu kubwa ilikuwa kuandaa kila kitu wakati presi bado inafanya kazi, dai linalofuata limeshasafishwa liko pembeni, bolti zimeshapangwa, urefu umeshasawazishwa, kwahiyo ikisimama wanafanya yale tu ambayo hayawezekani ikiwa inazunguka. Sasa nikuulize, panchi ya akiba ya dai lile iko wapi? Kama haipo, hilo ndo la kumwambia supavaiza, tena mwambie kwa heshima na kwa maandishi. Na ile dai ina kadi? Kila dai inatakiwa iwe na kadi yake, imepiga mara ngapi, ilinolewa lini, na nani, ilipunguzwa kiasi gani. Ukiona inaanza kutoa kingo mbaya kila ikifika idadi fulani, basi unaitoa kabla haijafika pale, saa unayochagua we, hakuna mtu kichwani.

Alafu ukiwa unanoa, gusa na uachie, gusa na uachie, chuma kikianza kuwa cha moto kwenye vidole kichovye kwenye maji, kama huwezi kukishika usikitie tena kwenye jiwe. Jiwe likishakuwa limeziba linang'aa, halikati tena, linasugua tu na kutoa moto, lichonge kwanza lifunguke. Nina uhakika karibu wote jiwe lenu lilikuwa limeziba, kwa jinsi ulivyosema ulikandamiza sana haliendi. Na kabla ya kufunga jiwe jipya litundike kwenye kidole uligonge taratibu na mpini wa mbao, likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya debe, basi lina ufa, livunje ili mtu mwingine asije akalifunga. Kitako cha kuegemezea kisizidi milimita 3 kutoka kwenye jiwe, kikiwa mbali kazi inamezwa na kuingia katikati na vidole vinafuata. Ukiwasha jiwe jipya simama pembeni, liache lizunguke dakika nzima peke yake.

Glavu kwenye kitu kinachozunguka HAPANA, nimekwambia toka ukiwa mdogo na ntasema tena. Ufunguo wa chaki, ile inayobana kazi kwenye mashine, hauachwi kwenye chaki hata sekunde moja. Na ukiingiza mkono kwenye dai, kufuli lako na ufunguo wako mfukoni mwako, tena na kizuizi cha chuma chini ya kichwa cha presi, hata kama umeme umezimwa, kwasababu kile kichwa ni kizito na hakihitaji umeme kushuka. Hapa nakuomba kama mama yako, sikuombi kama fundi.

Ulisema wenzako uliosoma nao wanakaa kwenye mashine za kompyuta, we unashinda na tupa na msasa na kuhesabu vifaa kabatini. Sawa. Lakini ile mashine ya kompyuta inashika kifaa gani? Programu iwe nzuri vipi, kikatio kikiwa butu au kimefungwa kimepinda inatoa taka kwa usahihi mkubwa. Kati ya panchi na tundu la dai kwenye bati la milimita 1 nafasi ni kama sehemu 5 hadi 10 za mia za milimita kila upande, ikizidi kingo zinajikunja chini, ikipungua panchi inakwanguana na dai. Hiyo nafasi inatunzwa na mtu aliyeko kwenye kabati unalolidharau. We ndo umeishika. Ndo maana nasema hii kazi inakufaa, kwasababu mtu ambaye haimfai asingekosa usingizi kwa ajili ya panchi moja, na we hukulala, nilisikia.

Kwahiyo Jumatatu ufanye hivi. Kabla watu hawajajaa nenda omba ile panchi, bila shaka bado iko mezani. Ibane kwenye jiliwa, chukua tupa nzuri, ipitishe kwenye ncha pale ulipochoma. Panchi ngumu tupa inateleza tu juu yake kama kwenye kioo. Ikishika na kuanza kula, imelainika. Mwite fundi wenu mkuu aje aone, mwambie "hii niliinoa mimi, ikawa bluu, nikaifuta nikaifunga, nilivyoulizwa nikanyamaza". Usianze na supavaiza alikuwa ananiharakisha, hilo liseme baadae akikuuliza ilikuwaje. Kama kuna mtu ameshalaumiwa, litaje jina lake pale pale na useme hakuhusika.

Atakasirika, muache amalize. Alafu muulize kama inaweza kuokolewa, mara nyingi inawezekana, mnakata ile sehemu iliyolainika polepole na maji mengi, mnajaribu tena na tupa mpaka iteleze, urefu uliopungua mnaurudisha kwa shimu, kibati chembamba, chini ya panchi, na mnaandika kwenye kadi. Muombe uifanye we mwenyewe yeye akiwa pembeni. Akikataa usinung'unike, kaa uangalie anavyofanya.

Mi niko zamu ya asubuhi, simu itakuwa kabatini mpaka saa nane. Baada ya hapo nipigie uniambie, tupa ilishika au iliteleza.

Mama yako