Pesa za Tume ya Goldenberg

Mombasa

Shoga yangu Rehema,

Barua yako imenifikia, na picha ya kitinda mimba wako nimeshaibandika jikoni. Sisi hatujambo, ila joto la safari hii halina adabu.

Unasema tume za uchunguzi ni ulaji juu ya ulaji: wizi umeshapita, halafu serikali inachota tena kulipa majaji na mawakili. Sikubishii sana. Lakini hebu tuitazame kashfa yetu ya Goldenberg hapa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg, ya mfanyabiashara Kamlesh Pattni, ililipwa na serikali asilimia 35 juu ya thamani ya dhahabu na almasi iliyodai kuuza nje. Almasi, Rehema, kutoka Kenya! Sheria iliruhusu asilimia 20. Hizo 15 ni hisani ya wakubwa. Mabilioni yakatoka Benki Kuu.

Miaka kumi tukaambiwa ni porojo za wapinzani. Rais Kibaki alipoingia madarakani, Februari 2003 akaunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire. Vikao vilikuwa pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, na nyumbani kwetu gazeti lilikuwa la kugombaniwa. Watu waliokuwa hawaulizwi kitu na mtu wakaulizwa mchana kweupe: saini hii ya nani? Hundi hii ilikwenda wapi? Kwa hilo peke yake, kodi yangu niliitoa kwa moyo mkunjufu.

Halafu kuna David Munyakei, yule karani wa Benki Kuu aliyetoa nyaraka nje mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa, akafukuzwa kazi. Akaja huku kwetu Mombasa, akasilimu, akaoa. Alifariki 2006, fukara, mwaka uleule Bosire alipomkabidhi rais ripoti. Piga hesabu zako zote, lakini kwa miaka mingi aliyetendewa kama mkosaji alikuwa yeye. Tume ndiyo iliyogeuza hilo.

Hasara ilikuja baadaye. Profesa Saitoti, aliyetajwa kwenye ripoti, alijiuzulu uwaziri Februari 2006, mahakama ikaliondoa jina lake kwenye ripoti, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi barazani. Pattni naye mahakama ilimwondolea kesi 2013. Ile hoteli yake ya Grand Regency, Nairobi, ilirudishwa Benki Kuu 2008, ikauzwa kwa Walibya, na ikabidi iundwe tume nyingine kuchunguza mauzo hayo! Hapo hata mimi nilicheka.

Nyinyi Watanzania mlipata kwa bei nafuu. Kamati teule ya Bunge chini ya Mwakyembe, kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, iliundwa Novemba 2007, na Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa alishajiuzulu. Ila kumbuka alisimama bungeni akalalamika kwamba kamati haikumwita hata kumsikiliza. Kumsikiliza kila mtu na wakili wake ndiko kunakokula miezi na pesa, na sioni utakavyokwepa gharama hiyo bila kumwonea mtu. Mimi ningempa jaji muda maalumu, na ripoti ikitoka faili liende moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka, lisipitie meza ya rais kwanza.

Shemeji anasemaje kuhusu hilo la Lowassa? Najua 2015, Lowassa alipogombea urais, hamkumpigia kura mtu mmoja humo ndani. Niandikie, na usisahau kanga uliyoniahidi.

Wako,
Mwanaisha