Shukrani kwa mzee wa baskeli

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Alkhamisi nilipotea na wanafunzi wangu wa skuli tukiitafuta nyumba ya Livingstone, pale mjini Unguja. Ulishuka ukaikokota baskeli juani mpaka mlangoni. "Jumba la Sayyid Majid hili," ukawaambia watoto, "Mzungu alifikia tu, 1866, kabla hajaenda zake bara." Ukawapa na habari za John Kirk, tabibu na mjuzi wa mimea aliyefuatana naye Zambezi, ambaye wataalamu wamempa kima punju wetu wa Jozani jina lake. (Kwetu atabaki punju!) Soda uliikataa, kumbe umefunga. Ahsante sana, babu. Mungu akulipe kheri.