Risala ya kikundi cha kufufua samani chakavu, Keko, kwa Mgeni Rasmi siku ya kufunga mafunzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Viongozi wetu wa dini,
Wazazi na walezi wa wahitimu,
Mafundi wenzetu wa Keko,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kuizuia mvua mpaka saa hii, maana turubai lililo juu yako lina matundu, nayo kamati imejitahidi kuyaelekeza upande walikokaa wanakamati wenyewe.

Pili, tunakushukuru wewe kwa kuukubali mwaliko wetu. Tunafahamu majukumu yako ni mazito. Tulikutegemea saa nne asubuhi, na sasa inakaribia saa nane. Hatulisemi hilo kwa lawama hata kidogo. Tunalisema ili wahitimu waelewe kwa nini risala hii imefupishwa upande wa historia, na kwa nini haikufupishwa upande wa maombi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2017 na akina mama wanne pamoja na mzee mmoja fundi sofa aliyekuwa amechoka kukaa nyumbani. Keko inajulikana jiji zima la Dar es Salaam kwa vitanda, makabati na makochi mapya yanayopangwa kando ya barabara. Sisi tuliamua kushika yale ambayo mwenye nyumba ameshayatoa nje, anasubiri gari la taka. Leo tuna wanachama 23, wanawake 15 na wanaume 8, na wahitimu walio mbele yako ni wa awamu ya tatu. Historia inaishia hapo.

Kuhusu mafanikio, tunaomba uanzie hapo ulipokaa. Kiti hicho, Mheshimiwa, tulikinunua kwenye gesti moja iliyokuwa inafungwa, kikiwa kimelegea miguu yote minne na kupakwa rangi ya mafuta ya kijani juu ya rangi nyingine ya kahawia. Mwenyewe alikuwa anakipima kwa bei ya kuni. Kitambaa kilipofumuliwa, ndani mlikuwa na usumba na sufi, jambo lililowaambia mafundi wetu kwamba kiti kina umri wa kuheshimiwa. Rangi ilipotoka, ikaonekana mbao ni mninga mtupu, usio na mdudu hata mmoja. Tukafungua viungo, tukakwangua gundi iliyokauka, tukapaka mpya na kuvibana usiku kucha. Chini tukasuka mipira ya tyubu, juu tukaweka sponji ngumu, tukaifunika kwa kitambaa cha amerikani kwanza ili velveti isisuguane na sponji, kisha ndiyo tukakivisha hiyo rangi ya zambarau unayoiona. Hakuna msumari mpya katika viungo vyake. Mafundi wa haraka hupigilia misumari, kiti kikasimama miezi michache, halafu mbao ikapasuka palepale penye msumari.

Wahitimu wetu wamefundishwa hayo yote. Wamefundishwa pia kukataa kazi. Kabati la mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, likishanyonya maji likavimba, halifufuki. Anayekupokea fedha na kukuahidi kulifufua anakudanganya. Na kwa kuwa rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, wamefundishwa kulowesha msasa ili vumbi lisiruke, kuvaa barakoa, na kutowaruhusu watoto kuchezea mabaki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa upande wa elimu, kikundi kimeinua kiwango cha taaluma katika eneo hili. Utakumbuka kampeni ya madawati ya mwaka 2016, nchi nzima ilipohimizwa kila mtoto aache kukaa chini. Madawati yale mengi yana fremu za chuma ambazo mpaka leo ni nzima, ila mbao zake zimechoka. Kwa shule moja ya msingi jirani tumebadilisha mbao za madawati 36 na kuyapaka vanishi. Mwalimu Mkuu ametuhakikishia kwamba mahudhurio yamepanda, na ingawa hakusema ni kwa sababu ya madawati, kamati imechukulia hivyo.

Kwa upande wa soko, bidhaa zetu zimevuka bahari. Stuli mbili tulizozivisha vitenge zilipanda boti kwenda Unguja, na mteja hajazirudisha. Kwa upande wa mazingira, hatuna mzani wa kupimia tulichokiokoa kisiende dampo, lakini majirani wanaweza kushuhudia kwamba siku hizi kochi likitolewa nje jioni, asubuhi halipo.

Pamoja na mafanikio hayo makubwa, tunayo changamoto. Desturi ya risala ni kutaja changamoto kumi, mgeni akaondoka na moja kichwani, nayo isiwe ile kubwa. Kwa hiyo cherehani ya kushonea vitambaa vizito hatutaitaja. Kompresa ya kupulizia rangi hatutaitaja. Tunataja banda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa chini ya turubai ndipo karakana, ghala, darasa na ofisi. Masika yakianza, kazi inasimama mwezi Machi na kurudi kwa kusuasua Mei inapoisha. Sponji ikilowa kwa ndani inachukua siku nyingi kukauka, na ikivishwa kabla haijakauka sawasawa, mteja anapokea kochi linalonuka uvundo. Vanishi ikipakwa hewa ikiwa imejaa unyevu inapata ukungu mweupe, na dawa yake ni kuikwangua yote na kuanza upya, kwa hasara ya fundi. Jua nalo likiwaka, upepo unaleta vumbi la barabarani linaganda juu ya rangi mbichi, tunarudi kwenye msasa.

Hayo ni ya mifuko yetu, tungeweza kuvumilia. Lililo zito zaidi liko hatua chache kutoka hapo ulipo. Hapo nyuma ni mama lishe wetu, wanapika kwa mkaa kuanzia alfajiri. Hapa sisi tuna tina ya kuzimulia rangi, petroli ya kusafishia brashi na marobota ya sponji. Tina inashika moto hata kwa mvuke wake tu, na sponji ikiwaka haisubiri mtu akimbilie ndoo. Moshi wake ni sumu. Tumekubaliana na akina mama hao tusipake rangi wanapochochea moto, nao wasichochee tunapopaka rangi, lakini wote tunatafuta riziki saa zilezile. Vumbi la msasa linaruka kwenye sufuria zao. Wametuvumilia kwa sababu ni majirani wema na kwa sababu mabenchi yao tumeyatengeneza bure.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili la banda si geni. Kwenye mahafali ya kwanza tulilisoma mbele ya mgeni rasmi wa siku hiyo, akasimama na kusema bati ni jambo dogo sana, tuhesabu limekwisha. Tulihesabu. Kwenye mahafali ya pili mgeni mwingine, naye tunamheshimu sana, alitueleza kwamba suala letu liko kwenye mchakato, akamtuma mtaalamu na futi kamba kuja kupima. Mtaalamu alipima vizuri, akachomeka vigingi vinne vilivyopakwa rangi nyekundu, ambayo ilikuwa yetu. Vigingi bado vipo. Kimoja kinatumika kufungia mbuzi.

Waswahili wamesema ahadi ni deni, lakini kikundi hiki hakina desturi ya kudai madeni ya watu wazima hadharani. Tunataja tu ili Mheshimiwa usije ukaambiwa kwamba jambo hili halijawahi kufika mezani.

Kabla hujajiuliza sisi wenyewe tumefanya nini, tunaomba kueleza. Kiwanja kipo, futi 30 kwa 40, tulipewa na mkutano wa mtaa na muhtasari wake tunao. Tofali 700 za inchi 6 tumezifyatua kwa mikono yetu, kwa kalibu ya kuazima. Zimepangwa pale ukutani. Ukigeuka kushoto utaziona, ndizo zile zilizoanza kuotewa na majani. Mbao za kenchi tumezikusanya kutoka kwenye mapaa yaliyobomolewa, tumezipaka dawa ya mchwa, zinasubiri. Ufundi hatuombi, mafundi ni sisi. Ramani ilichorwa na kijana wetu mmoja: ukuta unaofika kifuani, juu yake wavu ili hewa ipite, na pembeni chumba kidogo cha rangi chenye mlango wake, ili tina na moto visikutane tena.

Tunachokosa ni bati 60 za geji 28 na saruji mifuko 80. Hatuombi fedha taslimu. Fedha zina maswali mengi, na sisi tungependa kulala usingizi. Gari likishusha bati na saruji hapa, Mheshimiwa, baada ya hapo hutasikia neno banda kutoka kwetu.

Tunajua huenda tukaelekezwa kwenye mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejea 2024. Tunaishukuru Serikali kwa mikopo hiyo na tunakusudia kuiomba. Lakini mkopo ni wa kununulia kitambaa na sponji, vitu vinavyogeuka makochi, makochi yakageuka marejesho. Tukiuzika kwenye paa, tutarejesha kwa nini, na masika mawili yajayo bado hatujamaliza kujenga?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna jambo moja la mwisho kuhusu zawadi. Wageni wetu wote wawili waliotangulia waliondoka hapa na kiti kilichofufuliwa kwa mikono ya wahitimu, na tunaamini wanavikalia kwa raha. Zawadi yako nayo ipo, ni kochi la mtu mmoja la mvule, mgongo wake umevishwa kitambaa cha buluu na vifungo vimeshonwa kwa mkono. Limefunikwa shuka pale pembeni na Mheshimiwa unaruhusiwa kulitazama, hata kulijaribu. Ila kikao cha kamati kiliazimia, kwa kura zote isipokuwa ya mhazini, kwamba safari hii zawadi ikabidhiwe siku ya kuzindua banda. Tarehe tumeiacha wazi. Ni wewe wa kuipanga, na kadi ya mwaliko tutakuletea ofisini kwako wenyewe, kwa miguu.

Baada ya risala hii utawakabidhi wahitimu 11 vyeti vyao, kisha utatembelea meza za maonyesho. Tunawaomba waandishi wa habari wapige picha za tofali pia.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya kamati na Katibu wa kikundi.