Mbolea ya ruzuku bila matuta inaishia mtoni

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sisi wakulima wa milimani huku Mgeta tunashukuru mbolea ya ruzuku ya tangu msimu wa 2022/23, kweli imetusaidia, ila mashamba ya huku yamesimama kama ukuta, unaweka mbolea leo, mvua ya masika ikipiga usiku asubuhi unakuta mifereji katikati ya kabichi na udongo mweusi wote umeshuka mtoni. Na huo mto unaingia Ruvu, ndo maji wanayokunywa watu wa Dar hayo! Sasa kuchimba matuta ya ngazi ya kuzuia udongo usishuke ni kazi kubwa, bado hujapanda majani kwenye kingo, na eneo la kulima linapungua, nani anamfidia mkulima? Mkoloni alilazimisha matuta kwenye milima yetu hii ya Uluguru, mwaka 1955 watu wakachoka ikawa vurugu. Kulazimishana hakufai jamani. Mi naomba sehemu ya hela za bili za maji mjini irudi kwa wanaochimba matuta, ipitie vikundi vya kijijini, na mabwana shamba wapewe pikipiki na mafuta wapande huku juu kukagua kabla ya masika.

Mkulima, Mgeta, Morogoro